Nani anastahiki pa kulala Mombasa? Barua ya wazi kwa Gavana na Bunge la Kaunti

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
Kwa Mheshimiwa Spika na waheshimiwa wawakilishi wa wadi,
Nakala: Idara ya Serikali ya Nyumba, na Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani, Nairobi.

Mintarafu: Masharti ya kupewa makao ya dharura

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na asiyekuwa wa salamu hizo mbili, hujambo.

Waheshimiwa, mtu mzima aliyekosa pa kulala usiku wa leo hapa Mombasa agonge mlango wa ofisi gani, aonyeshe nini, na ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia wewe unastahiki au hustahiki? Hilo ndilo swali langu. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu za kuliuliza hadharani badala ya kuendelea kuliulizia kwenye foleni.

Najua jibu la haraka litakuwa kwamba misaada ipo. Kweli ipo. Mzee aliyetimiza miaka 70 ana Inua Jamii, pesa za serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi, zikija kwa wakati. Mtoto ana Kifungu cha 53 cha Katiba kinachomhakikishia chakula, makao na matibabu, na akiokotwa barabarani yuko afisa wa watoto na iko korti ya watoto ya Tononoka. Mfanyakazi ana mpango wa nyumba za bei nafuu, anaokatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili yake, na mwajiri hutia nyingine kama hiyo. Tangu mwaka 2003 kuna hazina ya kitaifa ya kurekebisha familia za mitaani. Nimezitaja zote nisije nikaambiwa sikuziona.

Sasa tumtazame mwanamke wa miaka arubaini na kitu ninayemfahamu. Aliishi Majengo na mumewe katika vyumba viwili vya nyumba ya Kiswahili ya ukoo wa mume. Mume akafariki, eda ikaisha, nyumba ikauzwa, warithi wakagawana. Akahamia Kisauni kwa binamu yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alishika jembe akalima miezi, akapika, akafua, akalea watoto wa mwenye nyumba, mpaka mwenye nyumba naye akashindwa na kodi. Leo analala baraza ya duka karibu na Mwembe Tayari, na mwenye duka humwamsha kabla ya swala ya alfajiri asije akaonwa na wateja. Si mtoto. Si mzee. Si mlemavu. Hana mshahara wa kukatwa. Kila mlango niliouorodhesha hapo juu una sharti ambalo yeye hana, na hakuna mlango uliobaki. Nilipomsindikiza katika ofisi moja ya serikali kuuliza, karani, kijana mwenye adabu zake, alitwambia hajui fomu yoyote ya mtu kama huyu. Simlaumu. Hakuna fomu.

Mumchunguze mtu huyo vizuri, kwa sababu ndiye atakayewaonyesha kasoro iko wapi. Sheria zetu zinamjua mtu kwa kadiri ya kuta alizonazo. Mwenye hatimiliki analindwa kabisa. Mpangaji ana Sheria ya Kudhibiti Kodi na baraza lake la kusikiliza kesi, ingawa sheria hiyo ingali inamhesabu mpangaji wa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichofungwa na kodi za mwaka 1981. Nendeni Bondeni au Mishomoroni mkatafute chumba cha bei hiyo chenye mlango na choo, mkikipata mniite nije nihamie. Skwota naye ana chake: tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016, anayeondolewa kwenye ardhi anayoikalia bila idhini lazima apewe ilani ya miezi 3. Mwaka huohuo wakaazi wa shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, walianza kupewa hatimiliki baada ya miaka ya mvutano. Na Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell, ilisema kwamba watu wasio na ardhi wakijenga makao kwenye ardhi ya umma hawapati umiliki, ila wanapata haki ya makao ambayo mahakama inaweza kuilinda.

Yote haya nayashangilia. Lakini yote yanaanzia pale mtu alipo na japo mabati manne. Ngazi ipo, ila kidato cha chini kabisa kimekatwa, na aliyelala kwenye boksi la katoni hawezi kuruka mpaka cha pili. Hakuna wa kumpa ilani ya miezi 3. Askari wa kaunti humpa teke na nusu dakika.

Kuna na suala la makaratasi. Jisajilini kutafuta nyumba ya serikali: mtahitajika kitambulisho, namba ya simu na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inasema nyumba ya kijamii ni ya mtu mwenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi, mtu asiye na kitu ni wa chini ya 20,000, kwa hiyo yumo. Kwa vitendo, anatakiwa aweke akiba, alipe kila mwezi, na apokee ujumbe kwenye simu. Anayelala nje simu yake hukaa naye usiku mmoja. Kitambulisho hukaa kidogo zaidi, kisha kinaloa mvua au kinakwenda na mfuko ulioibwa. Kukipata kingine anahitaji karatasi ya polisi, ada, na mara nyingi barua ya chifu. Chifu atauliza mzee wa mtaa wako nani. Mzee wa mtaa anawajua wenye nyumba na wapangaji, yaani watu wa milangoni, na kwa haki yake atasema huyu simjui. Hata wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba na simu mwaka 2023 wakaanza kupita nyumba kwa nyumba, wanasajili kaya. Asiye na kaya hapitiwi. Mduara huo umekamilika, na kila aliye ndani yake anafuata maagizo vizuri.

Sasa nije kwenye swali linaloniudhi kuliko yote, nalo ni: kwenu wapi?

Ndilo swali la kwanza linaloulizwa, ofisini na barabarani, na hapa kwetu Pwani lina sumu yake ambayo sote twaijua na hatuitaji. Jibu likiwa Kitui, Siaya au hata Kaloleni, shauri limekwisha: rudi kwenu. Mji ukitaka kupendeza kwa ajili ya wageni, hushikwa watu usiku, wakapakiwa. Februari 2019 taifa zima lilisikia habari ya watoto wa mitaani waliotolewa Nakuru wakaachwa karibu na msitu wa Chemasusu, Baringo. Kaunti ikaituhumu kaunti, Seneti ikauliza maswali, na wale watoto wakabaki kuwa watoto wa hakuna. Msinieleze kwamba Mombasa haiwezi kufika huko. Fikra ikishakuwa kwamba dawa ya mtu asiye na makao ni kumhamisha, kilichobaki ni kuchagua lori.

Katiba, Kifungu cha 39, inampa kila Mkenya haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini. Sheria ya uzururaji, iliyorithiwa kwa mkoloni na iliyokuwa ikimrudisha mtu kwao kwa nguvu, ilifutwa mwaka 1997. Na kitambulisho hakisemi mtu anaishi wapi. Mara nyingi husema babake alizaliwa wapi. Wako mahamali wa Marikiti waliozaliwa King'orani, wakasoma Tononoka, wakavunjwa mgongo na magunia ya Kongowea, na kitambulisho chao kimeandikwa kata ambayo hawajawahi kuikanyaga. Huyo kwao ni wapi, waheshimiwa? Na yule anayekunywa methadoni kila siku ya Mungu katika kliniki ya Kisauni, akijitahidi kuachana na unga wa heroini, mkimpakia kwenye basi la bara mmemrudisha kwenye unga, maana dawa ile hunywewa mbele ya muuguzi na si kitu cha kufungiwa ukaenda nacho. Watu kama hao mnawaita mateja. Mimi nawaita wagonjwa walio katikati ya matibabu ya serikali yenyewe.

Nitaambiwa: tukifungua mlango, nchi nzima itamiminika Mombasa. Ni hofu ya haki, sitaidharau. Nayo ina majibu yaliyojaribiwa kwingine. Uingereza, sheria yao ya mwaka 1996 inairuhusu manispaa kumpeleka mwombaji kwa manispaa nyingine alikokuwa na uhusiano nako, na kipimo kinachotumika sana ni miezi 6 ya kuishi mahali katika miezi 12 iliyopita. Kuwa na kazi hapo, au ndugu wa karibu, nako kunahesabiwa. Asili ya baba hawaiulizi. Lililo muhimu zaidi ni kwamba suala la umetoka wapi huja mwisho. Kwanza wanatazama kama kuna sababu ya kuamini huenda mtu huyu hana makao na yuko katika makundi ya dhiki zaidi, kama vile mwenye mimba, mwenye mtoto mdogo, mkongwe au mgonjwa. Ikiwepo sababu hiyo tu, wanampa pa kulala huku wakiendelea kuchunguza. Kisha wanampa uamuzi kwa maandishi wenye sababu zake, naye ana siku 21 za kuomba utazamwe upya.

Hapo nawaomba mwige mpangilio na muache mengine. Maana Waingereza hao wana na sharti la kumwuliza mtu kama amejitakia mwenyewe kukosa nyumba, na sharti hilo ni kisu. Aliyeshindwa kodi amejitakia? Mke aliyetoroka kipigo saa nane za usiku? Mkiingiza swali hilo Mombasa, kila ofisi italishika kwa mikono miwili, kwa sababu hakuna kazi nyepesi kuliko kumwonyesha maskini kosa lake. Scotland, jirani yao, walikwenda mbele zaidi: kufikia mwisho wa mwaka 2012 walikuwa wameifuta ile tofauti ya makundi ya dhiki, ikawa asiye na makao ni asiye na makao. Sidai kwamba kule kila mtu yuko ndani. Foleni zao ni ndefu. Ila mtu wao anajua anachokidai na kwa nani.

Nanyi mkisema hizo ni nchi za pesa, nitawapeleka Afrika Kusini. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya huko, katika kesi ya Irene Grootboom, ilisema mpango wa nyumba wa serikali, hata uwe mzuri vipi, haufai ikiwa hauna lolote kwa mtu asiye na paa leo. Serikali ikatunga mpango wa makao ya dharura. Mama Grootboom mwenyewe alifariki mwaka 2008 akiwa bado kibandani. Hukumu peke yake haiezeki nyumba, ndiyo maana siwapelekei mahakama, nawapelekea barua.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza namna ya kuandika masharti. Mtoto yeyote wa chuo cha Kurani hapa Mji wa Kale atakuhesabia makundi manane ya wanaostahiki zaka, kama yalivyo katika Sura At-Tawba aya ya 60: mafakiri, maskini, wanaoitumikia, wanaolainishwa nyoyo, wa kukombolewa utumwani, wenye madeni, njia ya Mungu, na msafiri aliyekwama. Yameandikwa, yanajulikana, mtoaji hawezi kuyapunguza kwa hasira yake. Na tazameni huyo wa mwisho: anapewa hapohapo alipokwama. Anaweza kuwa na mali kwao, na bado anapewa, kwa sababu kwao si hapa na njaa iko hapa. Mji uliokaa na kanuni hiyo kwa karne nyingi hauna udhuru wa kumwuliza mtu kata ya babake kabla ya kumpa mkeka.

Kuhusu pesa nitasema machache. Kifungu cha 20(5) cha Katiba kinasema serikali ikidai haina uwezo wa kutekeleza haki kama hii ya makao, ni juu yake kuthibitisha hivyo, na katika kugawa kilichopo itangulize haki kuwafikia wengi na itazame walio hatarini. Leteni basi hesabu tuione. Na msitupiane mtu: Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali kuu sera ya nyumba, likaipa kaunti mipango na maendeleo, nyumba zikiwemo. Mwenye baridi hajui hilo jedwali.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na Mombasa peke yake 7,529, ya pili baada ya Nairobi. Nambari hiyo ni kubwa, na bado inawaacha wengi: mtumishi wa ndani anayelala jikoni kwa tajiri wake na akifukuzwa kazi kafukuzwa na kitanda; kijana aliyetoka makao ya watoto siku alipotimiza miaka 18; yule mama wa Majengo wakati alipokuwa bado kwa binamu. Kama mtaandika masharti yenu kwa kutazama wale tu wanaoonekana bustani ya Uhuru karibu na zile Pembe za Ndovu, mtakuwa mnawangojea hawa waanguke kwanza ndipo muwatambue.

Basi naomba mtunge sheria ya kaunti, fupi, isomeke. Iseme anayestahiki ni mtu asiyekuwa na mahali anaporuhusiwa kulala usiku huu, au atakayekosa mahali hapo ndani ya mwezi mmoja. Ithibati iwe kauli yake na ya mtu mmoja anayemfahamu: imamu, mchungaji, muuguzi, mama wa chai anayemuuzia mahamri kila asubuhi. Kitambulisho kiwe kitu atakachosaidiwa kukipata akishaingia, kisiwe ufunguo wa kuingilia. Kuwe na mlango mmoja unaofunguliwa usiku katika kila kaunti ndogo kati ya sita tulizonazo, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na wanawake wawe na mahali pao mbali na wanaume. Anayekataliwa aandikiwe sababu, na kuwe na mtu mwingine, si yuleyule karani, wa kuitazama sababu hiyo. Muda wa kukaa uwe na kikomo, sipingi. Lakini kikomo kihesabiwe kwa kuangalia kama amepata pa kwenda. Askari wa kaunti wakimkuta mtu amelala nje wawe na wajibu wa kumwonyesha mlango ulipo kabla ya kufanya lolote jingine. Ghorofa kama zile za Buxton sikuziomba. Ukumbi wenye mikeka, choo kinachofanya kazi na taa vingetosha kuanzia.

Wako watakaosema walalao nje ni wezi na wavuta unga. Baadhi yao ni hivyo. Na baadhi ya wenye majumba Nyali je? Mwizi ana korti yake, na hakuna sheria niijuayo inayotoa adhabu ya kulala mvuani.

Barua hii naileta kama ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, na kifungu cha 89 cha sheria hiyo kinawataka maafisa wa kaunti wajibu maombi ya raia bila kuchelewa. Pamoja nayo, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nakala ya masharti yoyote mnayotumia sasa kuamua nani apewe makao ya dharura, jina la cheo cha anayeamua, na orodha ya mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Sheria inawapa siku 21. Ikiwa habari inagusa uhai wa mtu, inawapa saa 48, na nadhani mvua za masika zinagusa uhai. Kama masharti hayo hayapo, niandikieni hivyo, kwa mhuri. Na jibu, lolote litakalokuwa, libandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa kila ofisi ya wadi, kwa sababu wanaolihitaji hawana anwani ya kutumiwa barua.

Wenu,
Mkaazi wa Majengo, Mvita